Imeingia kwenye tundu, lakini taa haiwaki: moduli ya faiba inapatana na nani?

Tangu Mei 12, 2024, siku mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchini, neno "mkongo" halijatoka midomoni mwa watu hapa Kigoma. Mtandao ukisumbua kwa wakala wa fedha pale Mwanga, ni mkongo. Mfumo wa ofisi ukigoma kufunguka, ni mkongo. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitandao ya ofisi, na mara nyingi ninapoitwa nakuta mkongo ni mzima, tena hata waya wa faiba unaounganisha jengo na jengo ni mzima. Kinachogoma ni kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, kilichochomekwa kwenye swichi, yaani kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, na mtu aliyeambiwa dukani kwamba "hii inaingia popote".

Kuna taasisi moja hapa mjini iliyotaka kuunganisha majengo yake mawili, yaliyo umbali wa kama mita 400. Waya ulishalazwa, mtaro umefukiwa, maua yameoteshwa juu yake. Moduli mbili, ndivyo vinavyoitwa vipande hivyo, ziliagizwa Dar es Salaam zikaja na basi. Zikachomekwa, zikaingia vizuri kabisa, zikabana. Taa ya poti, yaani ya tundu hilo la swichi, haikuwaka. Nilipofika, jembe lilikuwa tayari limeegemezwa ukutani na mzee wa bustani anasubiri kuonyeshwa pa kuanzia kufukua. Nikamwomba, "Mzee wangu, nipe nusu saa kwanza." Nitarudi kwenye mtaro huo mbele, kwa sababu kilichotokea pale hakieleweki bila kujua kipande chenyewe ni kitu gani.

Jina lake ni transiva ya faiba. Mafundi wengi huiita moduli, au kwa kifupi SFP, na mimi nitaiita moduli. Ndani ya swichi taarifa husafiri kwa umeme. Ndani ya faiba, ambayo ni uzi wa kioo, taarifa husafiri kwa mwanga. Moduli ndiyo mkalimani: inapokea umeme na kutoa mwanga, inapokea mwanga na kutoa umeme. Kila mwisho wa waya unahitaji mkalimani wake, kwa hiyo hununuliwa mbili.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo likieleweka, mengine yote hufuata. Moduli ina pande mbili, na kila upande una mtu wake wa kupatana naye. Upande wa nyuma, wenye meno ya dhahabu, unapatana na swichi iliyouchukua. Upande wa mbele, wenye matundu ya faiba, unapatana na waya na moduli mwenzake aliye mwisho wa pili. Swichi ya jengo la kwanza haijui wala haijali moduli ya jengo la pili imetengenezwa na nani. Mwanga hauna chapa. Kwa hiyo mtu anapouliza "hii inaoana?", swali halijakamilika. Inaoana na nani, na swichi au na mwenzake?

Nianze na upande wa mwanga, kwa sababu ndio unaopoteza fedha nyingi.

Kwanza waya. Faiba zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza ni singo modi, ambayo njia yake ya mwanga ina upana wa maikromita 9 hivi. Unywele wa mtu una kama maikromita 70, basi jionee wembamba huo. Ya pili ni malti modi, yenye njia ya maikromita 50, na ile ya zamani 62.5. Ganda la singo modi kwa kawaida ni la njano. Malti modi huja kwa rangi ya chungwa kwa aina za zamani, na samawati-kijani kwa zile mpya. Rangi hizi ni za nyaya za ndani. Waya wa nje mara nyingi una ganda jeusi, kwa hiyo usiamini macho, soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake.

Sisi tulio mwisho wa Reli ya Kati tuna mfano wa jambo hili mlangoni. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1000. Reli ya SGR inayojengwa kuja huku ina upana wa milimita 1435. Zote ni reli, zote ni za chuma, zote zinabeba treni, lakini behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Faiba nazo ndivyo zilivyo, ila zina hila moja ambayo reli haina. Behewa likikosea reli, utaona palepale. Moduli ya malti modi ukiiweka kwenye waya wa singo modi, au ukichanganya nyaya za aina mbili njiani, wakati mwingine mwanga kidogo unapita. Taa inawaka, kila mtu anapiga makofi, halafu kesho yake mtandao unakuja na kuondoka. Tatizo la namna hiyo linaweza kumtesa fundi mwezi mzima.

Jambo la pili ni rangi ya mwanga. Mwanga wa moduli hatuuoni kwa macho, lakini una rangi zake, nazo hupimwa kwa nanomita. Moduli za malti modi nyingi hutumia nanomita 850. Za singo modi za umbali wa kawaida hutumia 1310, na za safari ndefu hutumia 1550. Namba hii imeandikwa kwenye lebo ya moduli, na ningetaka kila mnunuzi aizoee kama anavyoizoea tarehe ya mwisho kwenye boksi la dawa. Moduli inayotuma kwa 1310 itaelewana na mwenzake wa 1310. Ya 850 haitaelewana naye hata zikiwa za mtengenezaji mmoja, zimetoka boksi moja.

Moduli ya kawaida ina matundu mawili, moja la kutuma na moja la kupokea, kwa hiyo inatumia nyuzi mbili. Tundu la kutuma ni mdomo, la kupokea ni sikio. Mdomo wa huku uende kwenye sikio la kule. Ukikuta taa haiwaki na kila kitu kingine kiko sawa, geuza nyuzi mbili hizo kwenye mwisho mmoja tu. Inaonekana kama jambo dogo mno kuandikwa, lakini nimeona watu wakirudisha moduli nzima dukani kwa sababu ya hilo.

Sasa ile taasisi yenye jembe ukutani. Waya wao ulikuwa na nyuzi 4, lakini aliyeufunga aliweka vichwa vya kuchomekea kwenye uzi mmoja tu. Mtu wa manunuzi akashauriwa vizuri kabisa kwamba zipo moduli za uzi mmoja, zinazoitwa BiDi. Hizi hutuma na kupokea kwenye uzi huohuo kwa kutumia rangi mbili tofauti: ya huku inatuma kwa 1310 na kusikiliza 1550, ya kule inatuma kwa 1550 na kusikiliza 1310. Zipo pia zinazotumia 1310 na 1490. Kwa hiyo BiDi hazinunuliwi mbili zinazofanana. Hununuliwa jozi, kama viatu, mguu wa kushoto na wa kulia. Fomu ya manunuzi ilisema "SFP BiDi, idadi 2, aina moja", na duka likatii. Zikaja mbili za kushoto. Zote zilikuwa zinasema kwa 1310 na kusikiliza 1550, na kwenye 1550 hapakuwa na anayesema. Waya haukuwa na kosa lolote. Maua yalipona.

Nikumbushe hapa kwamba faiba inayoletwa nyumbani na makampuni ya simu nayo hutumia uzi mmoja na rangi mbili, lakini ni mfumo mwingine, ambao uzi mmoja hugawiwa nyumba nyingi. Ukichomoa waya huo wenye kichwa cha kijani kwenye kisanduku cha kampuni na kuuchomeka kwenye SFP ya kawaida, hautapata kitu. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, cha bluu kimenyooka, na viwili hivyo havikutanishwi.

Tukija kwenye umbali, tunakutana na imani ambayo ningependa iondoke kabisa: kwamba moduli ya kilomita 80 ni bora kuliko ya kilomita 10, basi ukiwa na fedha chukua ya 80 uwe na uhakika.

Nenda Kibirizi usiku usio na mwezi utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana kama mji umejengwa juu ya maji. Taa moja, ikiwa mbali, ni kama nyota, unaitazama bila shida. Sasa panda mtumbwi, kaa mbele ya taa ileile, itazame. Huoni kitu. Taa haijabadilika, kilichobadilika ni umbali. Sikio la moduli ya kilomita 80 limetengenezwa kusikia mwanga uliochoka baada ya safari ndefu. Ukilipiga na mwanga wa mwenzake aliye jengo la pili, linazibwa. Mara nyingi taa ya poti haiwaki au taarifa zinafika zimeharibika, na mwanga ukizidi mno sikio hilo hufa kabisa.

Hesabu yake si ngumu, na fundi asikubali kuikwepa. Nguvu ya mwanga wa moduli huandikwa kwa kipimo cha dBm, ambacho huhesabu kwa desibeli. Sifuri ni sawa na miliwati 1. Kila desibeli 3 zikipungua, mwanga unabaki nusu. Zikipungua 10, unabaki sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana namba nyingi zina alama ya kutoa, na alama hiyo haina ubaya wowote. Nimewahi kuambiwa kwa uchungu, "Fundi, mwanga wetu upo hasi saba, umekufa." Hasi saba ni mwanga mzuri kabisa kwa moduli ya kilomita 10. Ukiona hasi 40, hapo ndipo pana giza.

Tuseme una waya wa singo modi wa kilomita 8, kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Kwa rangi ya 1310, kioo hula kama desibeli 0.35 kila kilomita, jumla 2.8. Vichwa viwili vya waya, nusu desibeli kila kimoja, 1. Viungo vinne vilivyochomelewa, 0.1 kila kimoja, 0.4. Jumla ya hasara ni 4.2. Moduli ya kilomita 10, ile inayoitwa LR, inatuma kwa uchache hasi 8.2. Toa 4.2, inafika hasi 12.4. Sikio la mwenzake linasikia mpaka hasi 14.4. Imepita, na akiba ya desibeli 2. Akiba hiyo si kubwa. Viungo viwili vibaya na vumbi vinaweza kuimaliza, kwa hiyo hapo ningeanza kufikiria moduli ya kilomita 40, na kabla ya kuichomeka ningepiga hesabu hiihii upya nione kama mwanga wake hautazidi.

Sasa weka ya kilomita 80 kwenye waya uleule. Hutuma kati ya sifuri na chanya 4. Rangi yake ni 1550, ambayo kioo huila kidogo zaidi ya desibeli 0.2 tu kwa kilomita, kwa hiyo hasara yote ni kama 3.2. Mwanga utafika ukiwa kati ya hasi 3.2 na chanya 0.8. Sikio lake halitakiwi kupokea zaidi ya hasi 7. Umenunua kitu cha bei kubwa zaidi na kimekataa kwa sababu ya ubora wake wenyewe. Kama tayari umekinunua, kuna kipande kidogo cha kupunguza mwanga kinachowekwa njiani. Cha desibeli 10 kingeuleta mwanga huo mahali salama. Lakini kisiwe mpango wa kwanza.

Moduli nyingi za sasa zinaweza kukueleza zenyewe zinapokea mwanga kiasi gani, joto lake ni nyuzi ngapi na zinatuma kwa nguvu gani. Ingia kwenye swichi, fungua ukurasa wa poti, soma. Ni dakika mbili, na zinakuambia mengi kuliko siku nzima ya kukisia. Wapo wanaochungulia tundu la moduli kwa jicho waone kama linawaka. Tafadhali, usifanye hivyo na usimruhusu kijana wako wa kazi afanye. Mwanga huo hauonekani, na kutouona si dalili kwamba haupo. Unaweza kuumiza jicho bila mwenye jicho kujua. Hata kamera ya simu haisaidii sana: nyingine huona kidogo rangi ya 850, lakini ya 1310 na 1550 haziioni. Ule mwanga mwekundu unaoonekana ni wa tochi ya kupimia, ambayo ni kifaa kingine.

Na vumbi. Yeyote aliyeishi Kigoma kiangazi anajua vumbi letu jekundu. Njia ya mwanga ni maikromita 9, na chembe moja usiyoiona inatosha kuifunika. Vifuniko vya mpira vinavyokuja na moduli na nyaya havitupwi. Safisha kichwa cha waya kwa kalamu ya kusafishia faiba kila unapokichomeka. Usitumie pindo la shati, na usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu.

Upande wa pili wa moduli ni ule wa swichi, na hapa maneno ya dukani ni mengi kuliko ukweli.

Umbo la moduli halikuachwa kwa kila mtengenezaji ajiamulie. Watengenezaji walikubaliana kwa maandishi ukubwa, meno na mpangilio wake, ndiyo maana moduli ya huyu inaingia kwenye swichi ya yule. Lakini umbo hilohilo moja linabeba kasi tofauti. SFP ya kawaida ni ya gigabiti 1. SFP+ ni ya gigabiti 10. SFP28 ni ya 25. Ukiziweka mezani zimelala, huwezi kuzitofautisha ila kwa lebo. SFP+ ikiwekwa kwenye poti ya gigabiti 1, usitarajie ifanye kazi. SFP ya gigabiti 1 kwenye poti ya gigabiti 10 mara nyingi hukubali, ingawa kwenye swichi nyingine lazima uingie kwenye mipangilio uiambie poti ishuke. Na kasi lazima ilingane miisho yote miwili: gigabiti 1 upande huu na 10 upande ule, haziongei.

Kisha kuna kitambulisho. Ndani ya kila moduli kuna chipu ndogo ya kumbukumbu iliyoandikwa jina la mtengenezaji, aina, kasi, rangi ya mwanga na namba yake. Swichi husoma maandishi hayo mara tu moduli inapoingia. Baadhi ya swichi zinapokea yeyote. Nyingine zinafanya kama mlinzi wa geti la bandari, anayetaka kitambulisho kabla hajatazama mzigo: jina likiwa si la kampuni yake, poti inafungwa au inatoa onyo. Kwenye baadhi ya hizo ipo amri ya kuziruhusu moduli za nje, kwenye nyingine haipo.

Ndipo linapokuja soko la moduli zinazoitwa "za kuendana". Hizi hutengenezwa na makampuni mengine na kuandikwa kitambulisho ambacho swichi ya chapa fulani itakikubali. Kuna wanaosema zote ni feki. Si kweli. Moduli ya kuendana inayouzwa waziwazi kwa jina lake, ikiwa na karatasi ya vipimo, ni bidhaa halali, na nimezifunga nyingi ambazo zinaendelea kufanya kazi. Feki ni ile iliyobandikwa nembo ya kampuni nyingine ili uilipie bei ya kampuni hiyo. Hizo mbili zisichanganywe. Kuna pia wanaosema lazima miisho yote miwili iwe ya chapa moja. Hilo nalo si kweli, na sababu tumeshaiona: kitambulisho ni mambo ya moduli na swichi yake tu. Swichi ya chapa hii upande mmoja na ya chapa nyingine upande wa pili ni kitu cha kawaida kabisa. Unachofanya ni kuagiza moduli mbili zenye mwanga unaolingana, kila moja ikiwa na kitambulisho cha swichi yake.

Kwa hiyo duka likikuuliza, usiseme tu "nataka SFP". Taja chapa na modeli ya swichi zote mbili, aina ya waya na idadi ya nyuzi ulizonazo, umbali, na kasi. Muuzaji asiyekuuliza hata moja ya hizo hajui anachokuuzia. Na swichi ikidai kusasishwa programu yake, sasisha moja kwanza uone kama moduli zako bado zinakubaliwa, kwa sababu toleo jipya linaweza kumbadilisha mlinzi wa geti.

Moduli yenye joto kali nayo iangaliwe. Za kawaida zimepimwa kwa nyuzi joto 0 hadi 70. Kisanduku cha bati kilichofungwa nje, kinachopigwa na jua la mchana hapa Ujiji, kinastahili zile za viwandani, zinazovumilia hadi 85.

Ushauri wangu kwa aliye huku kwetu ni tofauti kidogo na wa aliye Kariakoo. Yeye akikosea anarudi dukani kwa miguu. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kila kosa ni siku kadhaa za kusubiri mzigo huku ofisi haina mtandao. Kwa hiyo nunua jozi moja kwanza, ijaribu kwenye swichi zilezile zitakazotumika, ndipo uagize zilizobaki. Na ukiagiza, ongeza jozi moja ya akiba.

Ile taasisi ilirudisha moduli moja, na baada ya siku 3 ikaja ya mguu wa pili, inayotuma kwa 1550. Nilipoichomeka taa iliwaka kabla sijaondoa mkono. Nilisoma mwanga wa pande zote mbili: hasi 6.1 huku, hasi 6.8 kule. Nikaandika namba hizo kwenye karatasi pamoja na tarehe, rangi ya kila moduli, aina ya waya na uzi uliotumika, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la swichi. Fundi atakayekuja baada yangu akikuta hasi 15 mahali palipoandikwa hasi 6, atajua mwanga umepungua, na ataanza kwa kusafisha vichwa vya waya.